Kisanduku cha Pili

Mtaa huu wa Maskati jina lake Ghala.
Wenzangu hawaoni kichekesho;
mimi hucheka peke yangu kwenye lifti,
maana ghalani ndiko nifanyapo kazi,
orofa ya chini, baridi ya kutunzia karatasi,
na nje digrii arobaini na sita zinagonga kioo.

Wiki ya tatu tunahama.
Hatuhami jengo. Tunahamisha maelezo:
kadi ngumu zilizopigwa taipu kabla sijazaliwa,
faili moja mstari mmoja, mstari na nukta yake,
ziingie katika kanuni mpya
yenye visanduku sabini na viwili.
Mkufunzi, Bi Thuraya, alituchorea ubaoni
miduara na mishale:
zamani faili lilikaa ndani ya faili, kama sufuria;
sasa mtu, waraka, mahali, kazi,
vyote vimefungwa uzi,
vuta kimoja, vingine vitikisike.
Mahfudhi, aliyebakiza miezi minne astaafu,
akauliza kwa adabu:
na sisi miaka yote tulikuwa tukifanya nini?
Hakujibiwa. Alipewa nenosiri.

Kadi ya mia nne na kumi na saba.
"Barua. Kurasa mbili. Kiarabu kibovu.
Mambo ya nyumbani. Haina umuhimu."

Nikaitoa bahashani.
Herufi za Kiarabu, naam, na nukta zake,
lakini nilipoisoma Kiarabu ilinikataa,
mlango na komeo.
Nikarudia, polepole, midomo ikitembea,
na ikaja sauti ya jikoni kwa mama:

*Nambie mwanangu, kinu changu unacho?*
*Huku mtende haukamuliwi tui.*
*Wali wao nimeuzoea.*
*Sijauzoea.*

Kibovu! Kiswahili hiki,
kimeazima kanzu ya watu
na hakuna aliyekiuliza jina.

Fomu ya zamani ilikuwa na kisanduku kimoja.
Hii ina viwili, kimoja chini ya kingine:
Lugha. Mwandiko.
Cha kwanza nikajaza Kiswahili, cha pili Kiarabu,
na mashine ikapokea, haikushtuka hata kidogo.
Nilikaa nikiitazama.
Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu.

Tarehe ilitutoa jasho.
Barua yasema *mfungo sita*; mwaka haumo.
Mashine inataka tarakimu.
Nikahesabu kwa vidole tangu Idi, kama nilivyofunzwa:
yeye sita, wao tatu, mwezi ni ule ule wa Maulidi.
Shaji wa kompyuta, mtu wa Kerala,
alinikuta vidole vimekunjwa,
akasema kwao pia wana mwezi unaokataa kuingia fomu.

Kisha mtunzi.
Chini kabisa, wino umefifia:
*Amesema Zafarani. Ameandika Nasibu. Ibra.*
Kadi ilimtaja mwenye nyumba peke yake,
ambaye katika kurasa mbili
hana hata neno moja.
Nikaweka: mtunzi, Zafarani.
Mwandishi, Nasibu.
Mwenye nyumba nikampa uzi wake, mwembamba.

Hapo fomu ikauliza: uhusiano wao?
Orodha ikateremka.
Mke. Mtumishi. Mtumwa. Jamaa. Mengineyo.
Kidole kikabaki hewani.
Najua ninavyodhani. Kudhani si kazi niliyoajiriwa.
Na "mengineyo" ni fagio, halafu zulia.
Nikamuuliza Mahfudhi. Alivua miwani,
akaifuta kwa ncha ya kilemba, muda mrefu,
akasema, andika ulichokiona.
Nilichokiona ni mwanamke anauliza kinu.
Nikaruka kisanduku. Nikabonyeza hifadhi.

Asubuhi ripoti ilikuwa mezani:
rekodi elfu moja mia tatu na sita zimevuka salama.
Onyo, moja.
*Mtunzi hana jina la baba.*
*Uhusiano haukujazwa.*
Shaji akauliza kama alifute, kuna kitufe.

Nikamwambia aliache.
Kweli hana.
Na anayekuja kusoma, aonywe.